Livreur na shamba la bwasa: kuhusu filimu «Sorry We Missed You»

Wiki tatu zilizopita, tangazo lilipita hapa kwetu: wanatafuta «livreurs indépendants» mjini Bukavu, na licenciés njo bana preferé. «Kuwa patron wako mwenyewe», ilikuwa imeandikwa hivyo, kwa rangi nyekundu. Vijana wengi walijibu siku ile ile. Ninawaelewa, ju diplome inakaa kwa kabati na loyer haingoje. Lakini maneno yale ya rangi nyekundu nilikuwa nimeyasikia mahali pengine, karibu neno kwa neno, ndani ya filimu ya Muingereza Ken Loach ya mwaka 2019. Inaitwa Sorry We Missed You. Nimeirudilia kuiangalia, na leo ninataka tuizungumzie kabla watu hawajatia sahihi.

Jina lenyewe ni maneno ya ile karatasi ndogo ambayo livreur kule Uingereza anaacha mlangoni akikuta mwenye nyumba hayupo: pole, tulikukosa. Ukimaliza filimu unaelewa kwamba waliokosana ni watu wa nyumba ya livreur mwenyewe.

Kwa wale hawajaiona: Ricky Turner ni baba wa watoto wawili, anakaa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Amefanya kazi nyingi za mikono, kujenga, kuchimba, kupanga bustani. Wakati benki zilianguka kule kwao, mpango wao wa kununua nyumba ulianguka nazo, na tangu hapo wanapanga tu na deni linawafuata. Bibi yake, Abby, anazungukaka nyumba kwa nyumba kuosha na kulisha wazee na wagonjwa. Analipwa kwa kila mtu anayemtembelea. Saa za kutoka nyumba moja kwenda nyingine hakuna anayezihesabu. Ricky amechoka kuamriwa. Anaenda kwa depo ya vifurushi, na pale anakutana na msimamizi, Maloney, kipara, mwili wa mlinzi wa bwate.

Mazungumzo yao ya kwanza yanastahili kusikilizwa mara mbili. Maloney anabadilisha maneno yote ya kazi, moja baada ya lingine. Hapa hatuajiri mtu, anasema, unajiunga nasi. Huna mshahara, unalipwa huduma. Hakuna contrat ya kazi. Wewe njo mwenye biashara, bahati yako iko mkononi mwako. Ricky anatabasamu kama mtu amepewa cheo. Paul Laverty, aliyeandika filimu hii, alijua kwamba mtego mzuri hauhitaji uongo mkubwa. Inatosha kumwita mfanyakazi jina la heshima, na mzigo wote wa patron unahamia kwa mgongo wake bila kelele.

Halafu inakuja hesabu. Ricky anahitaji kamioneti. Anaweza kukodi ya depo kwa siku, bei kali, ao kununua yake kwa mkopo. Anachagua kununua, na ili kupata feza ya kuanzia, wanauza gari dogo la Abby, lile alikuwa anaendea nalo kwa wazee wake. Toka siku hiyo Abby anapanda bisi. Muone vizuri: kifurushi cha kwanza hakijatoka depo, na familia imeshapoteza gari moja, saa mbili tatu za mama kila siku, na wamepata deni jipya. Wenye wanapenda filimu za zamani watakumbuka ile ya Waitalia ya 1948, Ladri di biciclette, ambamo mama anapeleka mashuka ya kitanda rehani ili bwana apate baiskeli ya kazi. Miaka 71 iko katikati, na ni mke yule yule anayelipa kuingia kazini kwa bwana.

Depo inamupa Ricky mashine ndogo ya mkononi. Inasoma kifurushi, inachagua barabara, inaonyesha kila mtu mahali alipo, na ikiwa dereva ametoka nje ya gari zaidi ya dakika mbili, inaanza kulia. Mwenzake mmoja anamupa chupa ya plastiki tupu siku ya kwanza. Ya nini? Ya kukojolea. Ricky anacheka. Baadaye hacheki tena.

Scène ambayo mimi ninaiweka juu ya zote ni ya Jumamosi moja. Ricky anamuchukua binti yake, Liza Jane, waende kugawa vifurushi pamoja. Mtoto anasoma adresi, anakimbilia milango, wanakula mkate wamekaa nyuma ya gari. Ni saa chache tu za furaha katika filimu nzima. Kisha mteja mmoja analalamika, na Maloney anamuita Ricky: hairuhusiwi. Ricky anashangaa. Gari ni langu, assurance ni yangu, mtoto ni wangu, na uliniambia biashara ni yangu. Maloney hana hata haja ya kubishana. Pale contrat inavuliwa nguo. Wakati wa hasara, gari ni la Ricky. Wakati wa amri, ni la depo. Loach hakuweka muziki pale, hakusogeza kamera karibu na uso kututafutia machozi. Anaacha watu wawili wazungumze kwa biro, basi. Kwa mzee aliyezaliwa 1936, aliyekuwa ametengeneza filimu kwa zaidi ya miaka 50, kujizuia vile njo ufundi wenyewe.

Sasa nitoke kidogo kwa sinema niende kwa shamba, ju mimi ni mtu wa agronomia na siwezi kuona scène hii bila kufikiria bwasa.

Wenye hawatoke Bushi, nitaeleza kwa ufupi. Katika desturi ya udongo kule kwetu kulikuwa, na bado kuko mahali pengi, njia mbili za kupata shamba kwa mwenye udongo. Kalinzi: unatoa ng'ombe ao kitu cha thamani, na udongo unabaki kwako na kwa watoto wako. Bwasa: unapewa kipande kwa musimu tu, unalipa kwa kufanya kazi shambani kwa mwenye udongo, ao kwa feza, ao kwa sehemu ya mavuno. Na kwa bwasa, hauna ruhusa ya kupanda ndizi wala kahawa, ju mumea wa kukaa miaka mingi ungekuletea haki juu ya udongo. Unapanda maharagi, unavuna, unatoka. Mvua ikikosa, deni lako halikosi.

Tuliosoma agro tunajua matokeo yake. Mtu wa bwasa hachimbi mitaro ya kuzuia mmomonyoko, hapandi miti kandokando, haweki mbolea ya kuliwa na mwaka wa tano. Ba projets wengi walipanda vilima vyetu na vitabu vya mafunzo, wakarudi wakisema mkulima haelewi umuhimu wa kutunza udongo. Anaelewa sana! Hesabu yake iko sawa: huwezi kutunza kwa miaka kumi kitu ulichopewa kwa miezi minne. Udongo unachoka, na mwenye kuchoka nao ni yeye.

Ricky njo mtu wa bwasa. Anaitwa mwenye biashara, lakini hawezi kupanda hata mumea mmoja wa kudumu: barabara yake inaweza kupewa mwengine kesho asubuhi, na wateja si wake, ni wa mashine. Na kile anachokitumia mpaka kinachoka ni mwili wake mwenyewe, na usingizi, na masikio ya kusikiliza mtoto wake mkubwa, Seb, anayeanza kupotea shuleni. Filimu inaonyesha mmomonyoko huo polepole, ukoo mzima unateremka na mvua. Ricky si baba mubaya. Hana saa.

Wenzangu ambao niliangalia nao walisema: acha bwana, ule ana kamioneti, umeme haukatiki, watoto wanasoma bila minerval, na hospitali haimuulizi garantie. Sibishi. Scène ya hospitali ni ngumu kwetu kuielewa kwa sababu hiyo. Ricky amepigwa na wezi, wamevunja mashine yake, amekaa na Abby kwenye chumba cha kungojea, uso umevimba. Hospitali haimudai kitu. Anayemudai ni kazi: Maloney anapiga simu pale pale kumwambia vitu gani assurance haitalipa, na kwamba mashine iliyovunjika ni pauni 1000, juu yake. Kwetu, hospitali ingemufunga mpaka alipe. Kule hospitali inamufungua, na contrat inamufunga. Kushindana nani maskini zaidi hakutusaidii kujua nani anabeba hasara, na swali hilo la hasara ni lile lile Newcastle na Kadutu.

Motari wa hapa anajua jibu, na lugha yake ina heshima zaidi kuliko ya Maloney. Hajiiti entrepreneur. Anasema: niko na versement. Tuseme versement ni franka 15.000 kwa siku. Siku nzuri anaingiza 28.000, essence 8.000, anabaki na 20.000, anatoa versement, 5.000 ni ya kula na ya nyumbani. Siku ya mvua anaingiza 14.000, essence 5.000, anabaki na 9.000. Versement bado ni 15.000. Anakosa 6.000: mvua ya siku moja imekula faida ya siku nzuri nzima na imeomba tena. Pneu ikitoboka, yeye. Tracasserie ya barabarani, yeye. Hizi namba nimezichukua kama mfano tu, kila mtu aweke za mtaa wake, mwendo wa hesabu hautabadilika.

Na livraison imekuja kukaa juu ya hiyo hesabu. Muuzaji anaweka viatu kwa statut ya WhatsApp, mteja wa Panzi anasema lete, motari anapanda na matope yote tunayoyajua, akifika mteja anajaribisha kiatu, anasema rangi si ile. Nani analipa kupanda na kushuka? Mara nyingi muuzaji anasema si kosa langu, mteja anasema sikununua. Na wote wawili wanasema ukweli.

Niko na lawama kwa filimu, na si ndogo.

Kwanza Maloney. Ni mubaya mno. Mwigizaji Ross Brewster anamupa uzito wa kweli, na kuna wakati mmoja ambapo anaeleza kwamba wateja hawajali dereva yuko hai ao amelala usingizini, wanajali bei na saa ya kufika. Pale anakuwa mtu mwenye akili, na anatisha zaidi. Lakini sehemu nyingine amechorwa kama jiwe, na mtazamaji anatoka akisema: wangepata chef mwenye roho nzuri tu. Hapana. Chef mwenye roho nzuri kwenye contrat ile angelia pamoja na Ricky, kisha angemukata feza.

Tena ile nusu saa ya mwisho. Mabaya yanaanguka moja juu ya lingine kama kwa hadithi ya kanisa: mtoto anakamatwa, baba anapiga, funguo zinapotea, wezi wanakuja. Wezi hasa. Nusu ya kwanza ilikuwa imetuonyesha kwamba hakuna haja ya mwizi, siku ya kawaida ilitosha kumumaliza mtu. Ninaokoa tu scène ya Abby anayenyanganya simu hospitalini na kumutukana Maloney, halafu anaona aibu mbele ya wagonjwa wengine, ju yeye ni mtu wa kutunza watu na hakuzoea kutukana. Debbie Honeywood anaifanya kama mtu ambaye sauti yake imemushangaza mwenyewe.

Lakini kasoro inayoniuma ni nyingine. Mapema katika filimu, dereva mmoja ananyanganywa barabara yake, na Ricky anaikubali. Mwenzake anaumia, kunakuwa vurugu kidogo, na filimu inaendelea na safari yake. Haturudi pale tena! Loach, ambaye maisha yake yote ametengeneza filimu za wafanyakazi, anapita haraka mahali pale ambapo madereva wangeweza kuangaliana usoni. Depo imejaa watu na kila mmoja yuko peke yake na mashine yake. Unaweza kuniambia: njo ukweli wenyewe, mashine iliwatenganisha. Sikubali yote, kwa sababu ukweli wa Uingereza wa miaka ile ulikuwa na kitu kingine. Mwaka 2016 madereva wa Uber walikuwa wameshaenda mahakamani London kusema: sisi si wafanyabiashara. Mwezi wa pili 2021 Mahakama Kuu ya nchi iliwapa haki: iliangalia nani anaweka bei, nani anaweka masharti, nani anachunga na kuadhibu, wala haikuishia kwa jina lililoandikwa kwenye karatasi. Na mwanzoni mwa 2018 dereva mmoja wa vifurushi wa Dorset, mgonjwa wa sukari, alikufa. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa imemukata pauni 150 kwa kukosa kazi siku aliyoenda kumuona daktari. Watu walipaza sauti, na mwaka ule ule kampuni ile iliondoa faini hizo. Kumbe faini haikuwa mvua ya Mungu. Mtu aliiandika, mtu aliifuta. Ricky hakupewa hata dakika moja ya kujua kwamba hilo linawezekana, na sisi pia tunaoangalia tunatoka tumekunja mikono.

Hapa mtaani kwetu tuko mbele ya filimu kidogo. Motari mmoja akigongwa, hesabu dakika, utaona moto kumi zimesimama. Mara nyingine wanafanya fujo, najua, na mwenye gari anakimbia hata kama hana kosa. Lakini hakuna anayebaki peke yake na simu ya patron.

Na sheria? Code du travail yetu, ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inamtambua mfanyakazi kwa jambo la wazi: anatoa kazi yake kwa malipo, chini ya uongozi na mamlaka ya mwengine. Inasema pia juu ya saa: 45 kwa wiki. Sasa kama mtu anakuchagulia barabara, anakuwekea bei, anakuvalisha T-shirt yake na anakuadhibu ukichelewa, neno «indépendant» lina kazi gani pale? Wenzetu wa droit watujibu, ukumbi ni wao.

Kuna maneno ya Seb ambayo watu wengi wanapita juu yake. Baba yake anamwambia soma, uende université, usiwe kama mimi. Kijana anamjibu kwa mfano wa kaka ya rafiki yake: alisoma, akatoka na deni kubwa, leo anapokea simu za wateja na wikendi analewa. Ricky anakosa jibu. Baba zetu waliuza ng'ombe na mashamba kwa minerval, na swali la Seb bado liko mezani kwao. Ndiyo maana tangazo linapenda licenciés: tuko na telefone nzuri, tunaongea na wateja kifaransa, na tuna aibu ya kusema nyumbani kwamba kazi ya «patron wake mwenyewe» haimulishi.

Nimesoma karatasi iliyotumwa kwa waliojibu. Moto ni yako, ao unapewa kwa mkopo na unakatwa kila wiki. Unalipwa kwa course. Mteja akikataa, hakuna course. Kifurushi kikipotea, bei yote ni yako. T-shirt inakatwa kwa malipo ya kwanza. Ukikosa kazi bila kuleta wa kukubadilisha, kuna pénalité. Juu ya ajali, hakuna mustari hata mmoja. Sijasema watu wasiende. Kazi ni kazi, na kuna wenzetu watakaoingia na wakatoka na moto yao. Ninasema iitwe jina lake, bwasa, na ijadiliwe kama bwasa: ni musimu gani, mvua ikikosa nani analipa, na lini shamba linaweza kuwa kalinzi.

Comité imesema muhusika atakuja kutuelezea Jumamosi ijayo. Ningependa tuanze na dakika zile za Liza Jane, ninazo kwa flash, projecteur mtu atafute. Kisha nitamuuliza mgeni wetu swali moja: moto ikiwa yangu, na nikimubeba mtoto wa dada yangu nyuma siku ya mvua nimutoe masomoni, nani atanipigia simu?